Mwalimu wa Walimu: Jinsi Kazi ya Ukufunzi Ilivyojengwa katika Nchi ya Ufipa



Mwaka jana kijana mmoja, mzaliwa wa bonde la Rukwa, alinijia baada ya masomo akaniuliza swali hili: "Mwalimu, mtu afanyeje hata awe mwalimu wa chuo?" Nikamtajia vyeti vinavyotakiwa. Akaviandika katika daftari lake, akashukuru, akaenda zake. Hata usiku, nilipokuwa kitandani, nikaona ya kuwa sikumjibu. Nilimweleza karatasi za kuonyesha mlangoni, walakini sikumweleza jinsi kazi yenyewe inavyojengwa. Basi leo nataka kumjibu yeye, na wengine wenye swali kama lake, kwa njia ya historia. Maana kazi hii katika nchi yetu ina umri mrefu kuliko majengo ya vyuo vyetu, na waliotutangulia waliijenga kwa taabu, na pengine pasipo kushukuriwa.

Kwanza nitalitazama neno lenyewe. Katika Kiswahili cha pwani, hapo zamani, chuo maana yake ni kitabu, na chuoni ni mahali watoto wanapofundishwa kusoma Kurani. Siku hizi tukisema chuo twafikiri nyumba kubwa yenye mabweni, uzio, na bango barabarani. Walakini nyumba ni jambo la mwisho. Popote palipo na mtu mzima ajuaye kazi, na mtu mwingine aliyekuja kujifunza kwake ili naye aifanye, hapo pana chuo. Kwa kipimo hicho Wafipa walikuwa na vyuo kabla ya kumwona padre wala afisa wa elimu.

Nchi ya Ufipa, kwa yule asiyeifika, ni uwanda ulioinuka kati ya maziwa mawili. Upande wa magharibi ni Ziwa Tanganyika, lenye bandari za Kirando na Kasanga. Upande wa mashariki nchi hushuka ghafula hata bonde la Ziwa Rukwa. Uwanda wenyewe una kimo cha mita 1,500 na zaidi juu ya bahari, na milima ya Mbizi hupita mita 2,000. Kwa sababu hiyo mwezi wa Juni mji wa Sumbawanga huwa na baridi ya kumfanya mgeni atafute blanketi. Miti ni michache, majani ni mengi, na watu wake ni wakulima hodari. Wao hufukia majani katika matuta ya mviringo yaitwayo intumba ili yaoze na kuirutubisha ardhi, jambo ambalo mabwana shamba wa siku za baadaye walilisifu.

Katika nchi hiyo ndimo yalimokuwa malungu, yaani tanuru za kuyeyushia chuma. Mabaki yake yangaliko vijijini hata leo. Zilikuwa tanuru ndefu za udongo, nyingine zikifika mita tatu. Wenyeji walizijaza mkaa na mawe ya chuma, wakawasha, na upepo ukaingia wenyewe kwa matundu ya chini pasipo mtu kuvukuta. Chuma kilichopatikana kilikuwa bado kichafu, kwa hiyo kilitiwa mara ya pili katika tanuru ndogo, na huko mivukuto ilitumika. Ndipo mhunzi alipokifua kuwa jembe, shoka, au mkuki.

Kazi hiyo haikuandikwa katika kitabu. Aliyetaka kuijua aliwafuata wazee wenye kuijua, akachoma mkaa, akabeba mawe, akakanda udongo, akatazama rangi ya moto, na baada ya misimu mingi akaaminiwa kusimamia. Hakuna aliyekuwa mwalimu wa malungu kabla ya kuungua vidole kwa malungu. Majembe ya kigeni yalipoingia kwa wingi, katika zamani za Wadachi na kisha za Waingereza, kazi hii ilififia hata ikakoma. Lakini sheria yake ya kufundisha nataka tuishike mkononi tunapoendelea: fundi kwanza, mfundishaji baadaye.

Sasa tuitazame misioni. Mwaka 1879 Wabelgiji waliotumwa na shirika la Mfalme Leopold walijenga boma huko Karema, pwani ya Ziwa Tanganyika, kaskazini ya Ufipa. Mwaka 1885 waliwaachia boma hilo wamisionari wa Kardinali Lavigerie, ambao kwa ajili ya kanzu zao waliitwa Mapadre Weupe. Siku hizo zilikuwa mbaya. Biashara ya watumwa ilikuwa imepasua vijiji kando ya ziwa, na mapadre walipokea watoto waliokombolewa na watu waliokimbia. Kiswahili kilikuwa kimekwisha fika ziwani pamoja na misafara, kwa hiyo lugha ya kuwakusanya watu hao wa makabila mengi ilikuwapo.

Lavigerie aliweka kanuni ya kwamba mtu asibatizwe kabla ya kufundishwa miaka minne. Fikirini basi, wasikilizaji, kanuni hiyo ilitaka walimu wangapi! Mapadre walikuwa wachache, na homa iliwapunguza. Hivyo ilikuwa lazima wenyeji wafundishe wenyeji. Ndipo alipotokea katekista, na katekista ndiye mwalimu wa kwanza wa vijiji vingi vya Ufipa. Asubuhi alifundisha dini, jioni alifundisha herufi, na kati ya hayo alilima shamba lake kama jirani zake.

Mmoja wa watu wa Karema yafaa atajwe kwa jina, maana maisha yake ni darasa. Huyo ni Adriani Atiman. Alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na Timbuktu, katika Afrika ya Magharibi, akaibwa angali mtoto, akauzwa, akakombolewa na Mapadre Weupe huko Algeria. Lavigerie alikuwa na shauri la kuwasomesha vijana wa Kiafrika uganga wa kizungu katika kisiwa cha Malta, kisha kuwatuma kuwa waganga na makatekista pamoja. Atiman alisoma Malta, akaletwa kwa msafara kutoka Zanzibar, akafika Karema mwaka 1889. Hapo akakaa hata kufa kwake mwaka 1956, yaani miaka sitini na saba. Alitibu, alifundisha dini, akajifunza pia dawa za miti kwa wenyeji. Angeweza kusema, "Mimi nimesoma Malta, sina la kujifunza hapa." Hakusema. Nami naona hilo ndilo lililomfanya aaminiwe na watu miaka yote hiyo.

Hata baada ya Vita Kuu ya kwanza nchi ikawa chini ya Waingereza, na elimu ikaanza kupimwa kwa vipimo vipya. Mwaka 1924 ilikuja Tanganyika tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani kuchungua shule za Waafrika. Ndani yake alikuwamo Mwafrika mmoja, Dokta James Aggrey, mzaliwa wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Yeye alikuwa amefundisha katika chuo cha Livingstone, jimbo la North Carolina, kwa miaka mingi. Lakini katika miaka hiyo hiyo alikuwa pia mchungaji wa makanisa madogo ya mashambani, akiishi na wakulima maskini na kujua shida zao. Watu wa Afrika ya Mashariki walipomwona, wengi walitambua kwa mara ya kwanza ya kuwa mwalimu wa chuo aweza kuwa mtu mweusi. Tena waliweza kuona, kama walitazama vema, ya kuwa chuo hakikumtoa shambani.

Baada ya tume hiyo ilitungwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1927, iliyoanza kutumika mwaka uliofuata. Serikali ilikubali kuzisaidia kwa fedha shule za misioni zilizofikia kipimo chake, na walimu wakatakiwa kuwa na vyeti na kuandikwa katika daftari. Vyuo vya kuwatoa walimu hao vikapata nguvu. Mpwapwa ilikuwa chuo cha serikali tangu miaka hiyo ya 1920. Chuo cha Mtakatifu Andrea cha Waanglikana, kilichoanza Kiungani katika Unguja, kilihamia Minaki mwaka 1925. Misioni nyingine nazo zikawa na mafunzo yao. Jambo hili lilikuwa jema, wala simlaumu aliyelianzisha. Mtoto ana haki ya kufundishwa na mtu aliyefundishwa kufundisha.

Lakini kila ufagio huondoa na vitu ambavyo mwenye nyumba hakutaka kuvitupa. Shule ndogo za makatekista hazikufikia kipimo. Zilibaki nje ya daftari, na walimu wake wakabaki nje pamoja nazo.

Babu yangu, mzaa baba, alikuwa katekista katika kijiji kilicho chini ya milima ya Mbizi. Habari hii nilisimuliwa na baba. Babu alifundisha kwa ubao wa mti uliopakwa masizi na vipande vya mihogo mikavu badala ya chaki. Aliwatoa watu waliojua kusoma barua na kuhesabu fedha za kodi. Baada ya miaka mingi akaletwa kijana mwenye cheti, naye babu akaambiwa kwa upole abaki na sala tu. Akatii. Yule kijana alikuwa na moyo mwema na elimu nzuri, lakini mwezi wa ulezi kukomaa alipofungua darasa alikuta watoto saba, maana wengine wote walikuwa mashambani wakiamia ndege. Akapiga kengele juma zima, wasije. Jioni moja akaenda nyumbani kwa babu, akaketi, akasema, "Mzee wangu, naomba unieleze. Wewe ulifanyaje?"

Babu akamweleza. Yeye katika mwezi huo alikuwa hapigi kengele asubuhi, bali huwafuata watoto mashambani jua linapopungua makali, akakaa nao juu ya dungu, akawafundisha hesabu za majani na mawe huku macho yao yakiangalia ndege. Tena alianza kwa kuwaendea mama zao, si watoto. Yule kijana akafanya hivyo, na shule ikajaa. Toka siku hiyo, asema baba, taa ya nyumba ya babu ilichelewa kuzimwa, maana mwenye cheti alikuwa akija kusoma kwa asiye na cheti.

Ndugu zangu, katika nyumba ile palikuwa na chuo cha ualimu, na babu alikuwa mkufunzi wake. Jina lake halimo katika daftari lolote la walimu. Nami nasema haya bila uchungu, lakini nataka yaandikwe.

Tuendelee. Makerere, iliyoanzishwa katika Uganda mwaka 1922 kama shule ya ufundi, ilikua hata ikawatoa walimu wa daraja la juu kwa nchi zote za Afrika ya Mashariki. Kati ya waliopata diploma ya ualimu huko mwaka 1945 alikuwa Julius Nyerere. Tazameni mwendo wake kama mwalimu. Alisoma Makerere, kisha akafundisha Tabora katika shule ya Mtakatifu Maria ya Mapadre Weupe tangu 1946 hata 1949. Ndipo alipokwenda Edinburgh, akarudi mwaka 1952, akafundisha tena Pugu, hata siasa ilipomtoa darasani mwaka 1955. Alisoma, akafundisha, akasoma tena, akafundisha tena. Mguu mmoja haukwenda mbali bila mwingine. Alipokuwa Rais aliitwa majina mengi ya heshima, lakini lililobaki vinywani mwa watu ni Mwalimu.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 walimu walikuwa wachache mno. Serikali ikapanua vyuo, na mwaka 1969 shule za misioni zikatwaliwa kuwa za taifa. Kisha mwezi wa Novemba 1974, mjini Musoma, chama cha TANU kikaazimia kwamba watoto wote wa umri wa shule waingizwe darasa la kwanza kabla ya mwisho wa mwaka 1977. Walimu watoke wapi? Vyuo vyote vya nchi visingeweza kuwatoa kwa muda huo. Basi serikali ikafanya jambo ambalo halijapata kufanywa nchini kwa kadiri hiyo. Iliwachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawapeleka kufundisha madarasa ya chini sehemu ya siku, na sehemu iliyobaki wakajifunza ualimu hapo hapo kijijini, kwa vitabu vilivyotumwa, kwa vipindi vya redio, na kwa msaada wa walimu wenye ujuzi. Mwishoni waliitwa chuoni kwa majuma machache. Kwa njia hiyo walipatikana walimu zaidi ya elfu thelathini.

Elimu hiyo kwa wote iliitwa UPE, na watani walizifumbua herufi hizo wakasema maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu. Dhihaka hiyo haikutoka hewani, maana wengi wao walipewa madarasa yaliyofurika na msingi wao wa masomo ulikuwa mwembamba. Walakini si haki kuishia kwenye dhihaka. Walipoelekezwa na mwalimu mkongwe aliyewatembelea darasani, akawaonyesha kwa mkono wake, baadhi yao walikuwa walimu wa kweli. Waliopewa vitabu wakaachwa peke yao walipotea. Nimewasikia walimu wastaafu wa Ufipa wakisimulia habari hizo mbili, na tofauti daima ni ile moja: je, alikuwapo mtu wa kumfundisha mfundishaji?

Katika miaka hiyo hiyo kilizaliwa chuo cha namna nyingine. Zamani katika Denmark padre mmoja wa Kilutheri, jina lake Grundtvig, alifikiri ya kuwa wakulima watu wazima wastahili shule yao wenyewe, isiyotawaliwa na mitihani, yenye mazungumzo na kazi. Shule ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa Rødding mwaka 1844, na shauri hilo likaenea hata Sweden. Nyerere aliliona huko, akalipenda, na tangu mwaka 1975, kwa msaada wa Waswidi, Tanzania ikaanzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, hata vikapita hamsini. Kimoja chake kipo kwetu, huko Chala, katika wilaya ya Nkasi, kaskazini ya Sumbawanga.

Katika vyuo hivyo hufundishwa uashi, useremala, ushonaji, kilimo, ufugaji na mengine. Mwanafunzi wake aweza kuwa kijana aliyeshindwa mtihani wa darasa la saba, au baba mwenye watoto wanne. Mwezi wa Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliokatizwa masomo kwa kupata mtoto kurudi kusoma, na vyuo vya namna hii vimewapokea wengi wao. Sasa mwalimu wa chuo asimama mbele ya binti mwenye kitabu mkononi na mtoto mgongoni. Amwambie nini? Hapo diploma peke yake haisemi. Ni lazima mwalimu ajue shamba, ajue uzazi, ajue aibu ya mtu aliyechekwa kijijini, na ajue somo lake pia.

Sasa, wasikilizaji, sina budi kuungama kosa langu, maana nisipolisema nitakuwa kama mganga anayeficha kovu lake. Mimi niliingia kufundisha chuoni mapema. Nilitoka chuo kikuu nikiwa na shahada nzuri, nikawekwa kufundisha mbinu za kumfundisha mtoto kusoma. Nilikuwa na maelezo yaliyopangika, na nadharia za wataalamu wa Ulaya na Marekani nilizijua kwa majina. Wiki ya tatu mama mmoja akainua mkono. Alikuwa mkubwa kwangu kwa umri, amefundisha miaka kumi na miwili katika shule ya bondeni, naye alikuja kujiendeleza. Akasema kwa heshima, "Mwalimu, samahani. Darasa langu lina watoto tisini, na kitabu ni kimoja. Wewe, ulipokuwa na darasa la namna hiyo, ulianzia wapi?"

Darasa zima likanyamaza likinitazama. Nami sikuwa nimepata kuwa na darasa la namna hiyo, wala la namna yoyote, ila lile la mazoezi ya majuma machache nilipokuwa mwanafunzi. Ningeweza kuzungusha maneno. Nikamwambia kweli: "Mama, sikupata kufundisha darasa kama lako. Tafadhali wewe tueleze unavyoanza." Akaja mbele. Akaonyesha jinsi anavyowagawa watoto tisini katika makundi chini ya miti, jinsi wale wanaojua wanavyowaongoza wasiojua, na jinsi anavyoandika kitabu kizima kidogo kidogo juu ya ardhi kwa kijiti. Niliketi katika dawati lake nikaandika.

Siku ile niliona aibu, na kwa muda nilifikiri kuiacha kazi. Kisha nikakumbuka habari ya babu na yule kijana mwenye cheti. Nikatambua ya kuwa mimi ndiye yule kijana. Yeye alikuwa na busara ya kwenda kugonga mlango wa mzee, nami je? Tangu mwaka ule, wanachuo wanapokwenda mazoezini, naomba nipewe darasa la kwanza katika shule moja ya kijiji, nalifundisha mwenyewe mwezi mzima. Mwezi wa kwanza wanafunzi wangu wa chuo walikuja kunitazama nikishindwa, na nadhani walijifunza zaidi kwa kunitazama nikishindwa kuliko kwa maelezo yangu yote.

Basi ewe kijana wa bonde la Rukwa, kama wanisikia, haya ndiyo majibu niliyopaswa kukupa siku ile.

La kwanza, soma, na wala usidharau vyeti. Chuo hakitakupokea pasipo shahada au diploma inayotakiwa. Ukitaka kufundisha ufundi stadi, kuna chuo cha ualimu wa ufundi huko Morogoro, nacho hutaka kwanza uwe fundi. Sheria iliyowaacha watu kama babu nje ilikuwa na kasoro, lakini dawa ya kasoro hiyo si kurudi gizani.

La pili, ukisha kupata cheti usikimbilie chuoni. Nenda kafundishe. Kaa na watoto wa darasa la kwanza, ingia katika karakana, lima na wakulima, miaka ya kutosha hata uwe umekwisha shindwa mara nyingi na kuinuka. Najua utaona wenzako wakikutangulia kwa cheo. Waswahili husema, mwenda pole hajikwai.

La tatu, ukifika chuoni tambua ya kuwa wanafunzi wako ni watu wazima. Baadhi yao wanajua mambo usiyoyajua. Mwalimu wa watoto aweza kwa muda kujificha nyuma ya ukubwa wake. Mwalimu wa watu wazima hana pa kujificha. Ukiulizwa usilolijua, sema hulijui, kisha mtafute anayelijua, ajapokuwa ameketi dawati la nyuma.

La nne, endelea kurudi. Tanuru ikiachwa bila moto hupoa, na mkufunzi asiyerudi darasani hubaki akifundisha shule aliyoikumbuka, si shule iliyopo.

Na kwa wakubwa wa elimu nina ombi moja. Hata sasa, katika vijiji vya Ufipa na kwingineko, wako vijana wa kike na wa kiume wanaofundisha kwa kujitolea. Wengine hulipwa kidogo na wazazi, wengine hawalipwi kitu, na majina yao hayamo katika orodha ya watumishi. Nchi ilikwisha wahi kuwa na walimu wa namna hiyo, ikawapita kimya. Nafasi za kusomea na za kazi zinapogawanywa, miaka yao na ihesabiwe. Anayetaka kumpata mwalimu wa chuo wa miaka ijayo asitazame tu matokeo ya mitihani. Atembee pia vijijini mwezi wa ulezi kukomaa, aulize ni nani anayewafuata watoto mashambani.

Baba aniambia ya kuwa babu alipozeeka, yule mwalimu mwenye cheti, ambaye naye alikuwa na mvi, alikuwa akimletea kila mwaka daftari jipya kutoka shuleni. Babu alikuwa hana kazi nalo, maana macho yalikuwa yamekwisha. Alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka sandukuni pamoja na mengine.